Dakika 150 za mazoezi: nani alizipanga, na zinamhusu nani?

Ukihudhuria kliniki ya kisukari au ya shinikizo la damu katika vituo vyetu vingi vya afya hutakosa kusikia maneno haya: "Punguza chumvi, punguza mafuta, fanya mazoezi nusu saa kila siku." La chumvi na mafuta mgonjwa analielewa, maana chungu anakijua mwenyewe. Lakini la nusu saa humwacha na maswali ambayo mara nyingi anaona haya kuyauliza. Kwa nini nusu saa na si robo saa? Ni lazima iwe mfululizo? Kudeki nyumba na kuteka maji kunahesabiwa? Na huyo aliyesema nusu saa ni nani, na alimpima nani hata akajua?

Haya si maswali ya ukaidi. Sisi ni watu tuliozoeshwa kuuliza habari imepokewa na nani, kutoka kwa nani, na kama mpokezi alikuwa mkweli. Hakuna ubaya kuyauliza hayo hayo katika mambo ya afya. Na kwa bahati nzuri habari hii ya dakika za mazoezi ina mapokezi yanayojulikana, yenye majina na tarehe, na mtu anaweza kuyafuatilia tangu mwanzo.

Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji ajue naelekea wapi. Mwongozo wenyewe ni mzuri na umetengenezwa kwa uangalifu. Tatizo ni kwamba unatufikia nusu, tena nusu ya zamani, na ile iliyobaki njiani ndiyo hasa inayowahusu mama zetu na wazee wetu.

Dereva na kondakta

Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa Uingereza waliona maradhi ya moyo yanawaandama wanaume wa makamo kwa wingi. Sababu haikujulikana. Daktari mmoja mtafiti, Jerry Morris, aliyezaliwa mwaka 1910, alidhani kwamba huenda kazi anayofanya mtu ina mchango wake. Akatafuta watu wanaofanana kwa karibu kila kitu isipokuwa namna miili yao inavyofanya kazi, na akawapata katika mabasi ya ghorofa ya mjini London.

Katika basi moja walikuwamo watu wawili. Dereva alikaa kitako karibu zamu nzima. Kondakta, au utingo kama tunavyomwita sisi, alikuwa akipanda na kushuka ngazi za basi kukusanya nauli, ngazi 500 hadi 750 kwa siku ya kazi. Wote waliajiriwa na shirika moja na walipita katika barabara moja wakivuta moshi ule ule. Morris na wenzake walifuatilia wanaume wapatao 31,000 wa usafiri wa London, wenye umri wa miaka 35 hadi 64, na mwaka 1953 wakachapisha matokeo katika jarida la kitabibu la The Lancet. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopatwa, yaliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi na hayakuwaua upesi kama yalivyowaua madereva. Wakatazama pia watumishi wa posta, wakaona hali ni hiyo hiyo: wagawaji wa barua wanaotembea walikuwa na nafuu kuliko makarani na wapokea simu waliokaa.

Hapa ndipo mtu mwepesi angesema basi, jambo limethibiti, waambieni watu wapande ngazi. Morris hakufanya hivyo. Alijiuliza swali ambalo natamani wauza dawa za mitaani wetu nao wangekuwa wanajiuliza: je, ngazi ndizo zilizomlinda kondakta, au waliochagua udereva walikuwa tangu mwanzo watu wa aina nyingine? Akaenda kwenye kumbukumbu za sare za kazi, kwa sababu shirika lilishona suruali za wafanyakazi kwa vipimo. Mwaka 1956 yeye na wenzake wakatoa jibu: madereva walikuwa na viuno vinene kuliko makondakta, na hata vijana nao walikuwa hivyo hivyo. Maana yake ni kuwa sehemu ya tofauti ile ilikuja na mtu kazini, haikuletwa na kazi.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo fundisho kubwa la jambo zima. Utafiti mmoja, hata uwe mzuri namna gani, hauwi mwongozo. Unafungua mlango tu, kisha wengine huja kuutazama kutoka pande nyingine, kila mmoja akijaribu kuuangusha, na ukibaki umesimama ndipo unaanza kuaminiwa.

Wakaja wengine kweli. Kule Marekani, Ralph Paffenbarger aliwafuatilia makuli wa bandari ya San Francisco, kisha wanaume waliosoma Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1986 alitoa taarifa ya wahitimu 16,936. Waliotumia kalori 2,000 au zaidi kwa wiki katika kutembea, kupanda ngazi na michezo, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa kati ya robo na theluthi kuliko vya wale wasiojishughulisha. Tafiti nyingine nyingi zikafuata, katika nchi mbalimbali, na mwelekeo ukawa ni ule ule.

Msomaji makini atakuwa ameona kitu. Mabasi ya London ni wanaume. Bandari ni wanaume. Harvard nao ni wanaume, tena wenye nafasi zao. Tutalirudia hili.

Namba ilivyopanda na kushuka

Wengi hudhani kwamba nusu saa ilikuwapo siku zote. Sivyo. Mwaka 1978 chuo cha wataalamu wa tiba ya michezo cha Marekani kilitaka watu wazima wenye afya wafanye mazoezi mazito siku 3 hadi 5 kwa wiki, dakika 15 hadi 60 kila mara, moyo ukienda mbio kweli kweli. Lengo lao lilikuwa ukakamavu wa mwili, mtu awe na pumzi na nguvu, zaidi kuliko kuepusha maradhi. Ni ushauri wa mkimbiaji, na watu wengi hawakuufuata.

Mwaka 1995 chuo hicho, pamoja na taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, kiliteremsha kiwango kwa makusudi. Ushahidi ulikuwa umeonyesha kwamba faida kubwa ya kiafya haihitaji mbio. Kutembea kwa haraka kunatosha. Ndipo ikaja kauli ya dakika 30 za kazi ya wastani karibu kila siku ya wiki. Hiyo ndiyo nusu saa unayoisikia kliniki mpaka leo. Mwaka 2008 Marekani ikaibadilisha iwe hesabu ya wiki, dakika 150, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia nzima wenye namba hiyo hiyo.

Novemba 2020 Shirika likatoa mwongozo mpya. Kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito, au mchanganyiko wa hizo mbili, pamoja na kazi za kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki. Shughuli ya wastani ni ile inayokufanya uhemehe kiasi, unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Nzito ni ile ambayo huwezi kusema zaidi ya maneno machache bila kusimama uvute pumzi.

Kamati inavyokaa

Sasa namba hizi zinaamuliwaje? Zamani, na niseme wazi kwamba si zamani sana, mashirika mengi yalikusanya mabingwa wachache mezani, wakazungumza, wakakubaliana, ikawa mwongozo. Mwaka 2007 watafiti waliandika katika The Lancet wakilishutumu Shirika la Afya Duniani lenyewe kwamba miongozo yake iliegemea mno maoni ya wataalamu na ilitumia kwa nadra mapitio kamili ya tafiti. Shirika halikununa. Mwaka huo huo likaunda kamati ya kukagua miongozo yote kabla haijatoka, na likaweka utaratibu ambao leo kila idara inapaswa kuufuata.

Kwanza huundwa kamati ya wataalamu kutoka kanda zote za Shirika, na kila mmoja hutakiwa kutangaza maslahi yake. Kama amelipwa na kampuni ya vinywaji au ya vifaa vya mazoezi, ijulikane. Kisha huandikwa maswali, na maswali lazima yawe finyu. Huwezi kuuliza "je, mazoezi ni mazuri?" Unauliza: kwa watu wa umri fulani, kiasi fulani cha kushughulisha mwili, kikilinganishwa na kiasi pungufu, kinabadilisha nini katika vifo, kiharusi, kisukari, saratani au huzuni? Halafu hutafutwa tafiti zote zilizopo, zinazokubaliana na zisizokubaliana, si zile tu zinazopendeza. Kwa mwongozo wa 2020 kamati haikuanza na karatasi tupu. Ilichukua mapitio makubwa yaliyokwisha kufanywa, yakiwamo yale ya Marekani ya mwaka 2018, ikayaongezea tafiti mpya.

Baada ya hapo ushahidi hupewa daraja: uhakika mkubwa, wa kati, mdogo, au mdogo sana. Katika suala la mazoezi ni vigumu kupata daraja la juu kabisa, na sababu yake inaeleweka. Dawa unaweza kuwagawia watu kwa kura, nusu dawa ya kweli na nusu kidonge kitupu. Lakini nani atakubali kupigiwa kura akaambiwa wewe kaa kitako miaka 20 tuone utakufa lini? Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushahidi ni wa kufuatilia watu wanavyoishi wenyewe, kama Morris alivyofanya, na kasoro ya suruali za madereva haiondoki moja kwa moja.

Daraja la ushahidi si mwisho. Kamati hupima pia kama faida inazidi madhara, kama watu watakubali, gharama ni kiasi gani, na kama ushauri utaongeza pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho. Rasimu husomwa na wakaguzi wa nje, na ile ya 2020 iliwekwa wazi ili yeyote atoe maoni. Mwisho pendekezo huandikwa kuwa ni la nguvu au ni la masharti. Pale ushahidi ulipokosekana, kamati ilisema hivyo. Kwa mfano, ilisema watu wapunguze muda wa kukaa, lakini ikakataa kutaja saa ngapi, kwa sababu tafiti hazikutosha kuweka namba. Mimi binafsi pendekezo hilo ndilo lililonifanya niiamini kamati kuliko mengine yote. Mtu anayejua pa kunyamaza, anaposema humsikiliza.

150 si nisabu

Linalopotea zaidi njiani ni hili. Watu wanaichukulia 150 kama nisabu ya zaka, kwamba ukipungukiwa hata kidogo hukumu haikuhusu, huna kitu. Mama anajiambia: "Siwezi kupata nusu saa kila siku, basi niache." Huko ni kuielewa namba kinyume.

Tafiti zikiwekwa pamoja hazionyeshi ukuta kwenye dakika ya 150. Zinaonyesha mteremko. Faida kubwa kuliko zote iko mwanzo kabisa, pale mtu asiyefanya chochote anapoanza kufanya kidogo. Dakika 150 ni mahali ambapo kamati ziliona faida imekwisha kuwa kubwa na watu wengi wanaweza kufika. Ni makubaliano ya watu wenye elimu, yenye hoja nzuri, lakini ni makubaliano. Ndiyo maana mwongozo wa 2020 umeandika waziwazi kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na kwamba anayeanza aanze kwa kiasi kidogo na kuongeza taratibu.

Kuna namba nyingine inayotembea katika simu za vijana, hatua 10,000 kwa siku. Hiyo mapokezi yake ni dhaifu. Haikutoka katika kamati yoyote. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua 10,000. Lilikuwa jina la bidhaa. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 huko Marekani kwa wanawake 16,741, wastani wa umri wao ukiwa miaka 72, ulikuta kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko wa hatua 2,700, na kwamba nafuu iliendelea kuongezeka mpaka kwenye hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Kwa hiyo bibi anayekwenda sokoni na kurudi kwa miguu asidharauliwe na mjukuu mwenye saa ya kuhesabu hatua.

Dakika kumi zilizofutwa

Nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwongozo wa 2010 ulikuwa na sharti: shughuli ihesabiwe tu ikiwa imedumu walau dakika 10 mfululizo. Mwaka 2020 sharti hilo likaondolewa. Sababu ni kwamba zamani watafiti walitegemea kuwauliza watu, na mtu hukumbuka matembezi ya nusu saa lakini hakumbuki dakika tatu za kupanda kilima na ndoo. Vilipokuja vifaa vidogo vinavyofungwa mwilini na kurekodi kila mwendo, ikaonekana kwamba vipande vifupi navyo vina faida.

Tazama sharti hilo lilikuwa linamfuta nani. Mwanamume mwenye kazi ya ofisi anaweza kutenga nusu saa baada ya Alasiri. Mama wa nyumbani hana nusu saa inayofuatana. Ana dakika nne za kuteka maji, sita za kufagia ua, tano za kumkimbiza mtoto chuoni, tatu za kupanda ngazi na kapu. Kwa sharti la zamani siku yake nzima ilikuwa sifuri. Kwa mwongozo wa sasa, kila kipande kinachomfanya ahemehe kinaingia katika hesabu.

Lakini bango lenye dakika kumi bado liko ukutani. Mimi nimeliona katika kituo kimoja cha afya, limefifia kwa jua, na chini yake amekaa mama akiambiwa ajitahidi kutenga muda. Muuguzi hakuwa na kosa, alisema alivyofundishwa. Kosa ni la njia ndefu kati ya mezani ambako mwongozo unaandikwa na benchi ambalo mgonjwa amekaa. Miaka imepita tangu 2020.

Waliopimwa na wasiopimwa

Nirudi kwa wale wanaume wa London na Harvard. Ni haki kuuliza kama yaliyowapata yanatuhusu. Kamati ya 2020 yenyewe ilikiri kwamba ushahidi mwingi umetoka katika nchi tajiri. Jibu zuri zaidi nililolisoma ni la utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017, uliofuatilia watu zaidi ya 130,000 katika nchi 17 tajiri na maskini, zikiwamo Zimbabwe, Afrika Kusini, Iran, Uturuki, Pakistan, Bangladesh na Malaysia. Humo hawakuhesabu michezo tu. Walihesabu kazi, kutembea kwenda mahali, na shughuli za nyumbani. Waliofikisha dakika 150 kwa wiki walipata maradhi ya moyo na vifo kwa uchache, na hawakuhitaji ukumbi wa mazoezi wala viatu vya gharama.

Bado kuna ubishi ambao haujaisha. Tafiti kadhaa, hasa za Ulaya, zimekuta kwamba wanaume wenye kazi nzito sana za mikono hawapati faida ile anayoipata mtu anayetembea kwa hiari yake, na wengine wanaonekana kuumia. Watafiti wanavutana: ni uzito wa kazi bila mapumziko, au ni ufukwara, moshi na lishe duni vinavyoambatana na kazi hizo? Mpaka watakapokubaliana, naona ni kukosa busara kumwambia msukuma mkokoteni wa Kariakoo au mchukuzi wa bandarini "fanya mazoezi" kana kwamba alikuwa amelala. Anachohitaji yeye ni kupumzika na kula vizuri. Kwanza aulizwe anafanya kazi gani. Swali hilo huchukua sekunde tano.

Mwenye duka anayekaa tangu Alfajiri mpaka Isha, soda iko mkononi na chapati ya maziwa mezani, huyo ndiye dereva wa London. Mwongozo uliandikwa kwa ajili yake, na asijifiche nyuma ya uchovu wa biashara.

Kuna wanaouliza pia kama swala tano zinatosha kuwa mazoezi. Swala ni ibada, haiswaliwi kwa ajili ya misuli. Na kwa kipimo cha wataalamu, rakaa zinazoswaliwa kwa utulivu hazimfanyi mtu mwenye afya ahemehe. Lakini kwenda msikitini kwa miguu badala ya bodaboda, mara tano kwa siku, hiyo ni shughuli inayohesabika bila shaka yoyote.

Nyumba zetu

Takwimu zilizotolewa mwaka 2024 zilionyesha kwamba mwaka 2022 karibu theluthi ya watu wazima duniani, asilimia 31, hawakufikia kiwango. Wanawake ni asilimia 34, wanaume 29. Hapa jamii yetu ina deni. Tunamwambia dada yetu ajistiri, na ni haki, kisha tunamwachia barabara yenye makelele ya vijana kama mahali pekee pa kutembea. Vikundi vya mbio za asubuhi vimejaa mijini, na muziki wake na mavazi yake wengi wetu hatuyaridhii kwa binti zetu. Sawa. Mbadala uko wapi? Madrasa nyingi zina ua uliozungushiwa ukuta, na zina saa ambazo hakuna watoto. Kamati ya msikiti inayoweza kuandaa karamu ya Maulidi ya watu 500 haiwezi kushindwa kuwatengea akina mama ua huo saa moja, mara tatu kwa wiki, na mwalimu wa kike.

Watoto nao. Mwongozo unataka wastani wa dakika 60 kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Mtoto wa mjini anakaa darasani asubuhi, anakaa tuisheni mchana, anakaa chuoni jioni, kisha anakaa mbele ya televisheni. Wazazi wanaona ni mtoto mwema kwa sababu hachezi. Walimu wa madrasa wakiwapa dakika 20 za kukimbia uani kabla ya kufungua juzuu, hawatapoteza kitu katika hifdhi.

Kwa wazee ndiko mila zetu zinapopingana zaidi na mwongozo. Heshima kwetu ni kumkalisha babu kitini, asiguse kitu, aletewe hata maji. Mwongozo unasema mwenye miaka 65 na zaidi azidishe mazoezi ya kutunza mizani ya mwili na nguvu, siku 3 au zaidi kwa wiki, ili asianguke. Na mzee akianguka akavunjika nyonga, mara nyingi ndio mwanzo wa kutosimama tena. Mwacheni mzee anyweshe bustani. Asimame kwa mguu mmoja akishika ukuta. Ainuke kitini mara kumi bila kusaidiwa, mkiwa karibu naye.

Mama mjamzito asiye na tatizo la kitabibu naye ana dakika zake 150. Hali kadhalika mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu na mwenye virusi vya Ukimwi, ambao mwongozo wa 2020 umewataja kwa mara ya kwanza. Anayesikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata anapotembea, huyo amwone daktari kabla hajaanza.

Shirika la Afya Duniani haliingii katika nyumba ya mtu. Limesema kila nchi ichukue mwongozo na kuushona kwa kipimo chake. Hapa Tanzania, Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, aliwahimiza wananchi kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Ilikuwa hamasa nzuri. Ila mwili unahesabu kwa wiki, na watu waliojitokeza viwanjani siku zile walikuwa hasa wenye raba na nafasi. Kinachotakiwa sasa ni kazi isiyo na picha za magazetini: waganga wakuu wa wilaya wapeleke mwongozo wa 2020, kwa Kiswahili chepesi, mpaka zahanati ya mwisho. Wauguzi wafundishwe kumwuliza mgonjwa siku yake ilivyo kabla ya kumpa namba. Na lile bango la dakika kumi lishushwe ukutani.